Usikilaumu Kitufe: Mwongozo wa Pikipiki ya Selfu kwa Mabingwa wa Mchanga Ukambani

Ulaya kuna mchezo wa pikipiki uitwao trials. Mshindani hupita juu ya mawe, magogo na vijito bila kuteremsha mguu. Akigusa ardhi mara moja hutozwa alama moja, mara mbili alama mbili, mara tatu au zaidi alama tatu, na akishindwa kabisa hutozwa alama tano. Mashindano ya Uskoti, ambayo sasa huchukua siku sita, yalianza mwaka 1909. Pikipiki za kisasa za mchezo huo hazifiki kilo 80, hazina kiti cha kukalia wala karia, na hazibebi abiria.

Sasa nenda Mutomo siku ya soko, au simama chini ya vilima vya Mbooni jioni watu wanaporudi nyumbani. Utamwona kijana juu ya Boxer au TVS yenye uzito wa zaidi ya kilo 100, mwaitu, yaani mama, amekaa nyuma, gunia la ndengu limefungwa kwenye karia, na mtungi wa lita 20 unaning'inia ubavuni. Anavuka mto wa mchanga, anapanda ng'ambo penye mawe, na mguu haugusi chini. Hakuna refa, hakuna kombe, na nauli yenyewe wanaelewana baadaye. Kama ningepewa kazi ya kugawa medali, ningeanzia hapo.

Bingwa huyu ana adui mmoja: selfu, yaani kiwashio cha umeme, inayogoma katikati ya mto. Anabonyeza, haiwaki. Anabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba kitufe kinaogopa kidole. Mwisho anakitukana, na mwaitu anashuka kusukuma.

Kitufe hakina kosa. Kazi yake ni kupeleka umeme kidogo kwenye rilei. Rilei ndiyo inayofungulia mota ya stata umeme mwingi kutoka kwenye betri. Sehemu moja ya njia hiyo ikiwa mbovu, utabonyeza mpaka ukeshe. Ndiyo maana mwongozo huu una sheria moja inayotawala nyingine zote: matunzo kwanza, mapambo baadaye. Anayeanza na mapambo atarudi kwenye matunzo akisukuma.

Kabla ya kushika spana

Huhitaji gereji. Unahitaji kivuli cha mwembe, spana namba 8, 10, 12 na 14, bisibisi mbili, spana ya plagi, msasa laini, brashi ya waya, grisi, na mita ndogo ya kupimia volti. Mita ndiyo itakayokataliwa kwanza na wapiga domo wa kijiweni, kwa sababu wao hupima betri kwa kuigusisha waya na kutazama cheche. Cheche inakuambia umeme upo. Haikuambii upo kiasi gani, na ikirukia gesi inayotoka kwenye betri, inaweza kuipasua usoni mwako. Nunua mita.

Sharti jingine: ukifungua betri, toa waya wa hasi kwanza, na ukirudisha, uweke wa mwisho. Ukianza na chanya, spana ikagusa fremu, utapata fataki ambazo hukuziagiza.

Hatua ya 1: Isikilize kabla ya kuifungua

Pikipiki isiyowaka husema ugonjwa wake waziwazi. Mwenye haraka hafikii kusikia, kwa sababu tayari ameshafungua kabureta.

Ukibonyeza ukasikia "tk-tk-tk-tk" mfululizo, rilei inafunga na kuachia kwa kuwa umeme hautoshi. Betri imechoka, au teminali zimelegea. Kaza teminali kabla ya kununua betri.

Ukisikia "tk" moja kisha kimya, rilei imefanya kazi lakini mota haizunguki. Huenda sehemu za ndani za rilei zimeungua, au brashi za kaboni za mota zimeisha. Ukiigonga mota polepole kwa mpini wa bisibisi ikaamka, umepata jibu: brashi iliyolika imesogea ikagusa. Hiyo ni ilani ya mwisho, na dawa yake ni brashi mpya. Usifanye kugonga kuwa desturi ya kila asubuhi.

Ukisikia kimya kitupu, angalia fyuzi, swichi ya klachi au ya nyutro, na ile swichi nyekundu ya kuzimia injini kama pikipiki yako inayo. Mtoto akipanda pikipiki iliyoegeshwa uani, swichi nyekundu ndiyo ya kwanza kuguswa. Angalia hapo kabla hujamwita fundi kutoka Kibwezi.

Ukisikia mota ikizunguka "zzzz" huku injini imetulia, tatizo ni klachi ya stata iliyoko ndani, upande wa magneto. Hiyo mpelekee fundi, na uache kubonyeza, maana kila unapobonyeza unailainisha zaidi.

Tena, usipime nguvu ya betri kwa taa kubwa. Katika pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hupata umeme wa magneto injini ikiwaka, hivyo haina ushahidi wa kutoa. Tumia taa ya breki au honi. Taa ya breki ikififia kabisa unapobonyeza selfu, betri ni dhaifu. Ikibaki inang'aa na hakuna kinachotokea, umeme upo ila umekatika njiani.

Hatua ya 2: Betri inywe maji yake

Betri iliyojaa, pikipiki ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, husoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Bonyeza selfu huku mita imeunganishwa: ikishuka chini ya 9.6, betri haina pumzi. Washa injini, pandisha mzunguko wa kati: usomaji mzuri ni kati ya 13.5 na 14.8. Ukibaki chini ya 13, haichajiwi. Ukipita 15, reguleta imeharibika na inaichemsha betri. Betri mpya haitaponya reguleta mbovu. Itakufa nayo, na pesa zako pia.

Kama betri yako ni ya kuongezwa maji, hapa Ukambani pana mtego. Visima vingi vya Kitui Kusini vina maji ya chumvi, na sehemu kadhaa za Makueni ni hivyohivyo. Maji ambayo ng'ombe anayanusa akageuka hayafai kuingia kwenye betri. Chumvi na madini huharibu sahani zake za risasi. Nunua maji ya betri dukani, jaza hadi alama ya juu, usipitishe. Na kama betri ni ya kufungwa, isiyoongezwa maji, usiitoboe ili kuihurumia.

Maji hayohayo ya chumvi ukioshea pikipiki, huacha utando mweupe kwenye teminali na soketi. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua, sugua kwa maji moto yenye magadi kidogo ya jikoni, suuza, kausha, piga msasa, kaza, kisha paka grisi au vaselini juu. Grisi hupakwa baada ya kukaza. Ukiipaka kwanza katikati ya chuma na chuma, unauwekea umeme kizuizi.

Joto nalo huila betri. Pikipiki inayoshinda juani Mtito Andei mwezi wa Februari hupoteza chaji haraka na maji ya betri hukauka. Egesha kivulini. Kivuli hakina bei, na bado kuna watu wanaokiachia mbuzi.

Kuchaji nyumbani: gawanya ukubwa wa betri kwa kumi. Betri ya ampea-saa 5 ichajiwe kwa nusu ampea, usiku kucha ikibidi. Chaja kubwa ya lori itaimaliza kabla hujamaliza chai. Wenye sola wana bahati, kwa kuwa paneli ya wati 10 hutoa kiasi kinachofaa kabisa. Ila pitisha umeme kwenye kidhibiti chaji. Paneli ya volti 12 ikiwa haina mzigo hufikia karibu volti 21, na betri ndogo ikiachwa nayo kutwa nzima itapikwa.

Hatua ya 3: Fagia barabara ya umeme

Mota ya stata hunywa makumi ya ampea kwa sekunde chache. Waya uliooza nusu utawasha taa ya indiketa bila shida, kisha utashindwa mota ikidai haki yake. Kwa hiyo usiamini waya kwa sababu indiketa inapepesa.

Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye skrubu ya mota ya stata, kisha mwambie mtu abonyeze. Usomaji usizidi nusu volti. Ukizidi, umeme unapotelea njiani: kwenye teminali, kwenye rilei au kwenye waya wenyewe. Fanya hivyo tena kati ya hasi ya betri na bodi ya injini. Hapo ndipo utakapokutana na waya wa athi, ule mweusi uliofungwa kwa boliti chini ya tope la misimu mitatu. Ufungue, usugue chuma mpaka king'ae, uufunge. Kazi hii haigharimu shilingi hata moja, na huenda ikaokoa bei ya betri nzima.

Ukiifungua mota kubadilisha brashi, futa vumbi jeusi lote, sugua kwa msasa laini ile sehemu ya shaba ambapo brashi hugusa, na uhakikishe mpira wa kuzuia oili haujakatika. Vumbi la barabara za ndani, kama zile za Kyuso na Ikutha, ni jembamba sana na hupenya popote mpira ulipochoka.

Hatua ya 4: Injini iwake upesi, betri ipumzike

Injini nzima huwaka kwa sekunde moja au mbili. Injini inayohitaji kubonyezwa mara nane inaiua betri, kisha lawama zinamwangukia muuza betri. Kwa hiyo plagi safi, valvu zilizopimwa na kabureta isiyo na mchanga ni sehemu ya matunzo ya selfu.

Bwana mkubwa hapa ni filita ya hewa. Kuanzia Juni mpaka mvua za Oktoba, pikipiki inayofuata lori barabara ya vumbi inavuta udongo kwa kila pumzi. Filita ya sponji ioshe kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, ikauke, uilowanishe kwa oili na kuikamua. Ya karatasi ipigepige na uipulize kutoka ndani kwenda nje, haioshwi. Ikichakaa, badilisha.

Kuna wataalamu wa kijiweni wanaoiondoa filita "ili injini ipate hewa." Inaipata, pamoja na nusu ya kaunti. Chembe za mchanga hukwaruza silinda, ringi huisha, moshi unaanza kutoka, oili inapungua, na mwenye pikipiki anashangaa kwa nini haina nguvu ya kupanda Kilungu. Filita ni bei ya chakula cha mchana. Silinda ni bei ya mbuzi kadhaa.

Na ubonyezaji una adabu yake: klachi ndani, gia nyutro, sekunde tano zisizidi, kisha subiri nusu dakika betri na mota vipoe. Isipowaka mara ya tatu, acha, utafute sababu.

Hatua ya 5: Mchanga na mto

Mto mkavu una ufundi wake, na wachezaji wa trials wangeutambua mara moja. Simama juu ya vikanyagio, kunja magoti, tazama mbali badala ya kutazama tairi, shika mwendo usiobadilika. Abiria ashuke atembee, maana uzito wa nyuma huzamisha gurudumu. Ukipunguza upepo kidogo wa tairi la nyuma, litashika mchanga vizuri zaidi, ila lijaze tena kabla ya lami. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui sasa ina lami, na tairi lenye upepo mdogo juu ya lami yenye joto linaweza kupasuka. Ukikwama, usiunguze klachi kwa kulazimisha. Shuka, sukuma.

Mto wenye maji yanayokwenda kasi hauna ufundi wowote. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 walikufa. Mto ulioweza kulichukua basi hauwezi kushindwa na Boxer. Kaa ng'ambo hii mpaka maji yashuke. Hili sitalifanyia utani.

Pikipiki ikianguka kwenye maji na injini ikavuta maji, tafadhali toa mkono kwenye selfu. Maji hayabanwi kama hewa. Ukibonyeza, pistoni itakutana na maji na mkono wake unaweza kupinda. Funga petroli, toa plagi, kisha piga kiki polepole maji yatoke kupitia tundu la plagi. Kausha filita, mwaga maji ya kabureta, na uangalie oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imwage yote uweke mpya kabla ya kuwasha.

Marekebisho yenye maana

Sasa umefika kwenye mapambo, na umeyastahili. Kipimo ni kimoja: je, marekebisho haya yanajibu haja ya njia unayopita?

Spoketi. Mkazi wa Nunguni au Kikima anayepanda mlima kila siku afikirie spoketi ya mbele yenye jino moja pungufu, au ya nyuma yenye meno zaidi. Pikipiki itapanda kwa utulivu na klachi itaishi. Utapoteza kasi kidogo kwenye tambarare, na utumiaji wa mafuta utaongezeka barabara kuu. Mkazi wa Emali anayekwenda lami kutwa haihitaji.

Sahani ya chini. Kipande cha bamba la chuma chini ya injini huzuia mawe kupasua kava ya oili. Fundi wa kuchomelea atakitengeneza kwa saa moja. Ila kabla hajawasha mashine yake, toa waya zote mbili za betri, na uchomoe soketi za reguleta na kisanduku cha plagi. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye fremu unaweza kuviunguza vyote kwa mpigo. Hata kuchomelea karia tu kunahitaji tahadhari hiyo.

Mipira ya kupumulia. Elekeza juu mipira ya hewa ya kabureta, ifungwe chini ya tanki, ili isinyonye maji ukivuka kijito. Wa betri, kama upo, ushuke mbali na cheni, maana tindikali huila.

Taa za ziada. Piga hesabu kwanza: wati ugawanye kwa volti. Taa mbili za wati 20 na redio ya wati 20 ni wati 60, yaani ampea 5. Betri ya ampea-saa 5 itahudumia burudani hiyo kwa saa moja hivi, injini ikiwa imezimwa, kisha italala. Ukihitaji taa kwa ajili ya ng'ombe na punda wanaovuka usiku, weka moja nzuri, yenye rilei na fyuzi yake, na ufunguo ukizimwa nayo izime.

Marekebisho ya kuacha

Kuondoa kiki kwa sababu "siku hizi ni selfu." Kiki ni rafiki wa saa nane usiku. Iache, ipake grisi, na uipige mara moja kwa wiki usisahau.

Kufunga fyuzi kwa karatasi ya sigara au waya wa seng'enge. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Ukiizuia kuungua, umechagua pikipiki iungue badala yake.

Kung'oa saidi mira na kutoboa silensa. Kelele haiongezi nguvu, na kijiji kizima hakikuomba kujulishwa kwamba umetoka Wote.

Kupakia abiria wawili na zaidi. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 103B, inaruhusu abiria mmoja, na inadai kofia na koti la kung'aa. Shokapu na breki zinakubaliana na sheria hiyo kikamilifu.

Ratiba ya kubandika ukutani

Kila asubuhi: tairi, breki, oili, na cheni iwe na ulegevu wa kama sentimita mbili na nusu hadi tatu. Kila wiki: filita wakati wa kiangazi, teminali, grisi ya cheni. Kila mwezi: pima volti tatu, ya pikipiki iliyozimwa, ya wakati wa kubonyeza na ya injini inayowaka, uziandike kwenye daftari. Namba zikianza kushuka mwezi baada ya mwezi, betri inakuaga mapema, na una muda wa kuweka akiba. Kabla ya mvua za Oktoba: fungua waya wa athi, kagua mipira ya mota, jaribu kiki.

Kwa vijiji vingi vya Kitui na Makueni, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, lori la maembe na basi la shule. Mama mwenye uchungu wa kujifungua usiku wa manane hana haja ya taa za rangi wala spika. Anahitaji injini inayowaka kwa mguso wa kwanza na dereva anayejua mto upi wa kuvuka na upi wa kusubiri. Hiyo ndiyo pikipiki iliyorekebishwa vizuri. Basi leo jioni, kabla giza halijaingia, toa kiti, chukua msasa, anza na teminali.